Mbwa Aliyetazama Mikono Yangu

Mpaka leo nikisalimiana na mtu getini, macho yangu yanashuka chini, penye goti la kushoto. Hakuna kitu. Miaka imepita na bado natazama, mzee mzima kama mimi. Nina hamu na yule mbwa, sifichi.

Nilikuwa zamu, mlinzi wa geti, katika nyumba moja ya mtaa wa Rohero. Patro, yaani bosi wangu, alileta mtoto wa mbwa wa mbegu ya ulinzi, rangi ya majani makavu, nikamlea kwa ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, mpaka akanifika kiunoni. Mgeni akigonga, mbwa hakumtazama usoni. Alitazama mikono yangu. Nikimpa mgeni mkono, analala penye goti langu la kushoto. Nisipompa, anasimama kati yetu na kunguruma, na hapo hapiti mtu. Sikumfundisha. Alijisomea mwenyewe.

Kisha wezi wakaingia kwa jirani. Patro akataka kujua kama mbwa wake ana ukali kwa watu au anakula bure. "Kama hana, namuuza," akasema. Jumamosi asubuhi akaleta mwashi kutoka Kinama, mtu ambaye mbwa hajamwona, akampa koti zito na fimbo: ingia kama mwizi. Mwenyewe akakaa barazani atoe hukumu.

Sasa, yule mwashi alikuwa amelelewa vizuri. Angeingiaje kwa watu na kumpita mtu mwenye mvi bila salamu? Alibana fimbo kwapani, akanyoosha mkono wa kuume, wa kushoto umeshika kiwiko. "Amahoro, muzee." Na mi, mjinga mkubwa, nikaupokea kwa mikono miwili! Tukaulizana habari za watoto. Ndipo akakumbuka kazi, akainua fimbo na kupiga kelele. Mbwa alikuwa amelala zamani, anapiga miayo.

"Iyo si imbwa, ni mbuzi!" patro akasema.

"Apana, patro, kosa ni letu. Tulisalimiana kwanza, na yeye anatazamaka mikono..."

"We unamutetea sababu unamupenda."

Nilimpenda, ndiyo. Lakini nilisema kweli pia, na kweli ya zamu nani anaisikiliza?

Juma lililofuata, patro akiwa kazini, mnunuzi akaja na pikapu. Mtu wa haraka, hata salamu hana. Alienda moja kwa moja kushika mnyororo. Wee! Mbwa alisimama kati yetu, meno nje, ananguruma mpaka mbavu zinatetemeka, mnunuzi akaganda ukutani. Ukali ule ndio patro alioutafuta, na patro hayupo. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

"Muzee, imbwa yako ikiniuma, inakufa leo leo," mnunuzi akasema. Hakuwa anatania.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikamnyooshea yule mtu mkono. "Amahoro," nikamwambia, na mkono wake nikaushika kwa mikono miwili, muda mrefu, kama ndugu aliyerudi safari.

Mbwa alitazama mikono yangu. Akanyamaza, akaiendea pikapu mwenyewe, bila kuvutwa.

Watu husema mkono mtupu haulambwi. Wangu siku ile ulikuwa mtupu kabisa, na kabla ya kupanda aliulamba.