Mtaro Ulihamia Upande wa Pili

Gaudiose ni jirani yangu hapa Niboye, ukuta kwa ukuta, na haya ninayoyasimulia alinieleza mwenyewe, kidogo kidogo, katika miezi ambayo hakutaka kukanyaga barabara mpya. Ni mjane wa miaka hamsini na minne, mwenye sauti ya chini na subira ya kumsikiliza mtu mpaka amalize. Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa wazazi waliokimbia Rwanda, na huko watoto wote waliocheza nje walisema Kiswahili. Alipokuja Kigali akiwa na miaka ishirini na kitu, Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuokoteza na watu walimcheka. Hakuwajibu. Alijifunza, akaanza kufundisha watoto wadogo, na baadaye akachaguliwa katika kamati ya mudugudu wetu, ngazi ya chini kabisa ya utawala, kwa sababu hakuna aliyewahi kugombana naye.

Ndiyo maana mradi wa barabara za mitaa ulipofika kwetu, yeye ndiye aliyeitwa. Mkandarasi alitaka mtu wa kupita nyumba kwa nyumba, kuwaeleza watu mtaro wa maji ya mvua utapita wapi, ukuta wa nani utakatwa, nani atahama na nani atabaki, kisha kukusanya saini zao. Walimpa fulana ya rangi ya machungwa, faili, na kiti ndani ya kontena waliyoifanya ofisi pale juu kwenye kona.

Niseme wazi kwamba sote tuliitaka ile barabara. Kila masika maji yalishuka na udongo mwekundu mpaka vizingitini. Mimi nilikuwa nikilaza magunia ya mchanga mlangoni kuanzia Machi hadi Mei. Na katika mikutano yote, aliyeidai barabara kuliko sote alikuwa mzee Jean-Berchmans, fundi wa kutengeneza vyerehani.

Nyumba yake ilikuwa ya chini upande wa bondeni, vyumba vitatu vya matofali ya udongo, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana. Washonaji wa Niboye nzima walimletea vyerehani vyao, vizito vile vya chuma, na kwa sababu ya matope vilibebwa kichwani badala ya kuletwa kwa gari. Alikuwa akisema mkutanoni kwamba siku lami au mawe yatakapofika mlangoni kwake, hata mashine za kiwanda zitashushwa pale. Mkewe alikuwa ameshafariki, na binti yake Aurore alikuwa ameolewa Batsinda, upande wa pili wa mji.

Yeye na Gaudiose walikuwa na mambo ya zamani. Jean-Berchmans alifika Buyenzi akiwa kijana asiye na pa kulala, na Nduwayo, baba yake Gaudiose, alimpa kona ya duka lake la useremala akae humo miaka mitatu. Kwa hiyo alipomwona Gaudiose alimwita binti wa Nduwayo, na wakiwa peke yao walisema Kiswahili cha huko walikotoka.

Katika ile kontena palikuwa na karatasi kubwa ukutani, yenye majina ya mitaa na mistari ya rangi inayoonyesha kila mtaa umefika wapi. Kila Jumatatu msimamizi, Bayingana, alisoma asilimia kwa sauti. Mtaa wa Gaudiose ulipanda haraka. Watu walimwamini, wakatia saini. Wiki ya saba alisomewa asilimia tisini na saba, wenzake wakampigia makofi, na Bayingana akasema mitaa mingine ijifunze kwake. Aliniambia kwamba tangu aache kufundisha hakuna aliyekuwa amempigia makofi, na kwamba alirudi nyumbani siku ile akiwa na furaha ambayo sasa anaionea aibu.

Asilimia tatu zilizobaki zilikuwa watu watatu. Wawili walisema watangoja, wakafunga milango, na Bayingana akasema hao ataongea nao mwenyewe. Wa tatu alikuwa Jean-Berchmans, ambaye nyumba yake yote ilikuwa ndani ya mchoro.

Alimpokea vizuri kila mara. Alimpa chai. Hakuwa mkaidi, ila alitaka kungoja.

"Niache mpaka nione mashine inachimba," alisema. "Ikifika mlangoni nitatoka siku hiyo hiyo. Sitawasumbua."

"Ukingoja utatoka kwa haraka, muzee. Vitu vyako vitaharibika."

"Na una uhakika mtaro utapita hapa?"

"Umechorwa hapa. Mchoro nimeuona kwa macho yangu."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini mzee bado alizungushazungusha kikombe, na Gaudiose, akiwa amechoka na akijua kwamba keshokutwa ni Jumatatu, akasema jambo ambalo hakulipanga.

"Baba yangu angekuwa hai, angekwambia utie saini."

Jean-Berchmans akaomba kalamu.

Fidia ililipwa kama ilivyoandikwa. Hakuna aliyemdhulumu, na Gaudiose hulirudia hilo mara nyingi, kama vile kuna mtu anambishia. Mzee alipewa mwezi mmoja wa kuhama, na aliomba nyumba aibomoe mwenyewe, apate mabati, mbao na milango. Walimkubalia. Jumatatu iliyofuata mtaa wa Gaudiose ulisomwa kuwa umekamilika, maana wale wawili Bayingana alikwisha kuwahamishia kwenye orodha nyingine.

Wiki ya tatu ya ule mwezi, siku ya Jumanne, mhandisi kijana aitwaye Rwema aliingia kwenye kontena akiwa na matope hadi magotini. Alikaa karibu na Gaudiose akajimiminia chai. Akamwambia kwamba walikuwa wamechimba mashimo ya majaribio upande wa bondeni na kukuta bomba kuu la maji likipita kina kifupi kuliko michoro ilivyosema. Huenda mtaro ukahamishiwa upande wa juu, alisema. Bado haijaamuliwa. Kisha akamwomba asiseme popote, kwa sababu uvumi ukianza watu wote watarudi kudai upya.

Gaudiose alikwenda nyumbani na maneno hayo. Aliniambia kwamba Jumatano alitoka hadi karibu na mlango wa mzee, akamsikia ndani akigonga misumari, akarudi. Alijiambia kwamba akimwambia asimamishe, halafu uamuzi uwe ule ule wa kwanza, atalazimika kumshawishi tena kutoka mwanzo. Alijiambia ameagizwa anyamaze. Na chini ya hayo yote, alisema, palikuwa na ile karatasi ya ukutani. Mtaa wake ulikuwa umejazwa rangi mpaka mwisho, na hakutaka kuwa yeye wa kuwaambia waufute.

Alhamisi hakusema kitu. Ijumaa hakusema kitu. Jumamosi asubuhi Jean-Berchmans alipanda juu ya paa lake akiwa na mtalimbo na kuanza kutoa mabati. Tulikwenda kumsaidia, watu kumi hivi, na Gaudiose alikuwepo, akipokea mabati kutoka chini na kuyapanga. Kufikia saa tisa kuta zilikuwa zimebaki wazi. Mzee alitushukuru mmoja mmoja. Jumatatu yake lori lilimpeleka Batsinda na vyerehani vyake.

Uamuzi ulikuja baada ya siku kumi na saba. Mtaro ulihamia upande wa juu. Wale wawili waliofunga milango hawakuguswa hata ukuta, wala hawakuitwa tena. Kiwanja cha Jean-Berchmans kilitumika kumwagia kokoto na mawe muda wote wa kazi, na kazi ilipokwisha kilisawazishwa, kikapandwa nyasi na miche minne, kwa kuwa sasa kilikuwa ardhi ya umma. Rwema alimwambia Gaudiose kwamba hakuna njia ya kukirudisha. Alimwambia kwa huruma, bila kujua kilichokuwa kikimsumbua mama huyu.

Barabara ilikuja kuwa nzuri kweli. Mawe yamepangwa vizuri, taa zinawaka, mtaro unameza mvua yote, na mimi magunia yangu ya mchanga niliyatupa. Siku ya kufungua palikuwa na mahema na ngoma. Gaudiose alipewa cheti. Alikipokea, akasalimiana na watu, akarudi nyumbani kabla ya soda kugawiwa.

Miezi mitano alishindwa kwenda Batsinda. Mwishowe alikwenda Jumapili moja baada ya misa, akiwa na ndizi na kilo ya sukari. Alimkuta mzee amekaa uani nyuma ya nyumba ya Aurore. Nyumba za pale ni ndogo na zimebanana, na vyerehani vilikuwa vimepangwa chini ya turubai kando ya tangi la maji. Kazi hakuwa nayo. Washonaji wake walikuwa Niboye, na hakuna wa kuvuka mji mzima na chuma kile. Alikuwa amekonda, lakini alifurahi kumwona, akamwambia Aurore achinje kuku. Gaudiose akakataa kuku.

Habari za mtaro alikuwa amezisikia zamani. Alimwacha Gaudiose anywe chai kwanza, ndipo akauliza, bila ukali wowote:

"Siku ile ulikuwa unajua?"

"Hapana, muzee. Sikujua."

Na kwa siku ya saini, lilikuwa jibu la kweli. Gaudiose alilishika hilo, akajua mzee anauliza zaidi ya hapo, akaacha vivyo hivyo.

"Basi usijibebeshe kitu," Jean-Berchmans alisema. "Walichora, wakafuta. Wewe ulileta ujumbe tu. Nduwayo hakuzaa mtu wa hila."

Walipoagana alimwekea mkono kichwani kama mtu anavyomfanyia mtoto wake. Gaudiose alisema kwamba angetukanwa, angelala vizuri. Kuanzia siku hiyo kila alipofumba macho aliusikia mkono ule. Alianza kupita njia ya nyuma, ile ya uchochoro wa kanisa, ili asikione kiwanja. Nilipomuuliza ndipo alipoanza kunieleza, na mwishowe akaniuliza kama arudi kumwambia. Nilimwambia asirudi. Nilimwambia mzee ameshatulia, amwache. Hakunisikiliza.

Alikwenda Novemba, siku ya kazi, kusudi Aurore asiwe na wageni wengine. Mzee alikuwa akipanga sindano kwenye kopo kwa ukubwa. Gaudiose hakukaa.

"Mara ile nilikuambia sikujua," alisema. "Nilikuwa nimesikia. Kabla hujabomoa. Mhandisi aliniambia kwamba huenda mtaro utahama."

"Lini?"

"Jumanne."

Jean-Berchmans aliendelea kupanga sindano. "Mimi nilipanda juu Jumamosi."

"Ndiyo."

"Ulikuwepo. Ulikuwa unapokea mabati."

"Nilikuwepo, muzee."

Alifunga kopo. Gaudiose alisimama akingoja, kwa sababu alikuwa amekuja kupokea chochote atakachopewa. Alitegemea hasira. Alikuwa amejiandaa hata kufukuzwa.

"Kwa nini umekuja kuniambia?" mzee aliuliza.

"Nilishindwa kukaa nalo."

"Ulishindwa kukaa nalo, ukaniletea mimi." Sauti yake haikupanda. "Ungeniachia lile la kwanza. Lile nilikuwa nimelizoea."

Gaudiose aliomba msamaha, akaomba tena. Mzee hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Alimwita binti yake kutoka ndani.

"Aurore, msindikize mgeni."

 Gaudiose aliniambia kwamba maneno mengine yote anaweza kuyabeba, ila hilo moja la kuitwa mgeni hawezi. Aurore alimsindikiza mpaka kituoni bila kuuliza kitu, na wakaagana kwa kushikana mikono tu.

Mradi ulipohamia sehemu nyingine ya wilaya yetu ya Kicukiro, Gaudiose aliitwa tena, akakubali, maana ana watu wa kulisha. Lakini sasa mtu akimwambia anataka kungoja aone mashine, anaandika kwamba anangoja, anamshukuru na kuondoka. Akisikia habari kwenye kontena, anaipeleka siku hiyo hiyo, ikiwa imethibitishwa au haijathibitishwa, na anasema wazi kwamba haijathibitishwa. Mtaa wake umekuwa wa mwisho kwenye karatasi ya ukutani. Bayingana amemwonya mara mbili, na mwezi Juni mkataba wake hautaongezwa. Amenieleza hilo kwa utulivu, kama habari ya mtu mwingine.

Mwezi uliopita alimwomba Harriet, mshonaji wa hapa kwetu aliyekulia Uganda, apeleke kwa mzee kule Batsinda cherehani chake kilichokwama, badala ya kwa fundi wa karibu, na usafiri akaugharimia yeye. Alimwomba pia asiseme nani amemtuma. Harriet alikwenda. Mzee alikitengeneza siku nzima, na akiwa anafanya kazi aliuliza habari za watu wa barabara yetu, nyumba moja baada ya nyingine, kuanzia kona ya juu. Aliuliza kama mti wa parachichi wa nyumba ya kona umezaa. Aliuliza kuhusu mimi na magunia yangu. Alipofika kwenye nyumba ya Gaudiose aliiruka, akauliza inayofuata.

Haya Harriet alinieleza mimi tulipokuwa wawili tu jikoni kwake. Jioni, nikiwa bado pale, Gaudiose alipokuja kuuliza safari ilikuwaje, Harriet alimwambia mzee ni mzima, kazi ameifanya vizuri, na kwamba anamsalimu sana. Gaudiose akakaa kitini. Aliuliza mara mbili kama kweli alimtaja kwa jina, na Harriet akasema ndiyo, alimtaja. Kisha Gaudiose akanitazama mimi, na mimi nikainuka kwenda kuangalia chungu motoni.