Kwa Sista Atuganile Huulizwi

Kwenye zahanati yetu huku Temeke, wanawake wanaokuja wakitoka damu hawataki kuonana na mimi. Tabibu ni mimi, jina langu Wilfred limebandikwa mlangoni, lakini wao wanaulizana pale kwenye benchi, "Yule mama mrefu yupo?" Mwanzoni nilinuna. Baadaye nikaelewa kwamba sifa za yule mama mrefu zimeshafika mpaka Mbagala: kwa Sista Atuganile huulizwi.

Ni Mnyakyusa wa Kyela, hamsini imeshampita, anaishi Kinyerezi na binti yake, na hana simile na mtu anayeingia chumba cha kujifungulia na ndala za chooni. Kabla ya Dar alifanya kazi miaka tisa upande wa Zambia, alikoolewa, akarudi alipofiwa na mume. Nilidhani atanisimulia habari za peponi, kwa sababu nilijua sheria ya Zambia inaruhusu mimba kutolewa kwa sababu nyingi kuliko yetu. Ambacho sikukijua ni kwamba inataka sahihi za madaktari watatu, na mmoja wao awe bingwa.

"Watatu utawatoa wapi, Wilfred?" aliniambia. "Sie kule tulikuwa na daktari mmoja, naye yuko semina. Sheria ilikuwepo, na wanawake walikuwa wanakuja wametumia mizizi vilevile."

Hapa kwetu mimba haitolewi isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Lakini mwanamke aliyeshafika anatoka damu anatibiwa, chochote kilichoianzisha, na kumtibu si kosa. Wengi hawajui hilo. Wanadhani kitanda chetu na kituo cha polisi vina mlango mmoja. Ndiyo maana Sista Atuganile alijiwekea utaratibu wake: haulizi umefanya nini. Anauliza damu ilianza lini, maumivu yako wapi, umekula? Daftarini anaandika "mimba imeharibika", basi. Aliwahi kumwona nesi mwenzake kule Zambia akimkoromea msichana aseme ukweli. Msichana akaomba kwenda chooni, hakurudi, na wiki ile ile wakasikia msiba wake. Habari hiyo alinihadithia mara moja tu, na nikajua nisiombe kurudiwa.

Utaratibu ule niliupenda. Naona niseme hivyo wazi, kwa sababu ya yaliyotokea.

Jumanne moja mwezi wa tatu alikuja Najma, fundi cherehani wa Mtoni, miaka ishirini na saba, ameachika, ana mtoto mmoja na anaishi na mama yake. "Shikamoo mama," alimwambia Sista. "Nilikuwa na mimba, imetoka jana. Naona damu haikatiki." Sista alimpima presha, akamgusa tumbo, hakuona la kumtisha. Ultrasaundi yetu hufanya kazi Alhamisi tu, siku mtaalamu wake anapokuja. Akampa dawa, akamwambia arudi Alhamisi, akaandika maneno yake mawili. Nami nikatia sahihi chini bila kumwona mgonjwa, maana foleni ilikuwa imefika getini, na nilimwamini.

Jumatano asubuhi Najma alirudi amejiinamia, midomo haina rangi, mkono mmoja ameshika bega. "Bega linaniuma, mama. Sijui nimelilalia vibaya."

Sista Atuganile aliganda pale pale. Mwanamke mwenye mimba changa akilalamika bega, huenda damu inavujia ndani ya tumbo. Alimlaza, akapima presha, imeshuka vibaya. Mimi nikaanza kupiga simu za gari, na hapo ndipo nilipomsikia akiuliza.

"Mwanangu, ulimeza dawa?"

Najma akageukia ukutani.

"Mie sina ishu na polisi, wala sitaandika popote. Ile siku uliyosema imetoka, uliona kitu kimetoka, au damu tu?"

"Damu kidogo," akasema. "Nikajua ndiyo hiyo."

Mengine yalitoka vipande vipande wakati tunamtundikia dripu. Dada yake, Mwajabu, ameolewa Maputo. Msumbiji sheria inamruhusu mwanamke kuomba mwenyewe mimba itolewe katika wiki kumi na mbili za mwanzo, na Mwajabu aliwahi kwenda hospitali ya huko, akapewa vidonge, akarudi nyumbani salama. Akamtumia mdogo wake maelekezo kwa simu, hatua kwa hatua, kwa upendo wote. Vidonge Najma alivipata kwa njia anayoijua mwenyewe. Lakini ipo hatua ambayo Mwajabu hakuitaja, kwa sababu haikufanywa na yeye: nesi wa Maputo alimpima kwanza, akahakikisha mimba imekaa ndani ya kizazi. Ya Najma ilikuwa nje, kwenye mrija wa uzazi, na vidonge vile haviitoi mimba iliyokaa huko.

Gari la wagonjwa walisema dakika arobaini. Nikaleta langu, bovu hivyo hivyo. Kwenye karatasi ya rufaa niliandika kwamba tunashuku mimba nje ya kizazi, imepasuka. Nilipofika kwenye historia ya mgonjwa kalamu ikasita.

"Wanaompasua lazima wajue alichomeza," nilisema.

"Nimemwahidi sitaandika," Sista akajibu. "Nitawaambia kwa mdomo."

Akapanda nyuma, akampakata Najma njia nzima, akimsemesha Kinyakyusa ambacho mtoto wa watu hakukielewa hata kidogo. Hospitalini alimvuta daktari pembeni, akamwambia yote. Daktari akatikisa kichwa, akaenda kunawa mikono. Walimtoa mrija mmoja na damu nyingi tumboni. Walisema angechelewa saa moja zaidi wasingekuwa na wa kumpasua.

Ijumaa tulikwenda kumwona. Mama yake alikuwa ametoka kununua maji. Najma alitazama mlangoni kwanza, ndipo akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu daktari aliyenitoa mimba, hatapata matatizo?"

Sista alivuta kiti. Akamweleza taratibu kwamba mimba ya nje ya kizazi haiwezi kukua ikawa mtoto, na ikiachwa inaua. Hapa inatolewa, Zambia inatolewa, Maputo inatolewa. Sheria yetu, pamoja na ukali wake wote, hilo hailikatazi.

Nilimwona Najma anarudi nyuma kichwani, siku moja moja, mpaka kabla ya vidonge.

"Kwa hiyo mie ningekuja tu," akasema, "nikawaambia nina mimba na tumbo linaniuma upande mmoja?"

"Ungekuja tu. Ungetibiwa mchana kweupe, mama yako amekaa kwenye benchi."

Najma akaanza kulia, amejishika kidonda kisitikisike. Sista Atuganile alimshika mkono, na yeye machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Na mie Jumanne," akamwambia, "ningeuliza tu."