Ng'ombe wa Harusi Asiye na Pembe

Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ndiye niliyewafanya wageni wa harusi ya mpwa wangu Salma, pale Kitomanga, waikatae pilau, na mpaka leo nikikutana na wakwe zake natazama chini.

Nilikuwa mpishi mkuu. Asubuhi akaletwa ng'ombe kutoka Milola, mkubwa, mweupe, hana pembe, wakamfunga wakamlaza achinjwe na hakutoa sauti, alifungua tu kinywa kama analia na hakikutoka kitu, huku macho kanikazia mimi (niliyekuwa nachambua mchele, sina hili wala lile). Nikakumbuka redioni walisema huko nje wataalamu wanabadilisha vinasaba vya ng'ombe ili wazaliwe bila pembe, basi nikamnong'oneza shoga yangu Zuhura, "Huyu katengenezwa."

Neno hilo tu. Zuhura (namjua, kosa ni langu) akalifikisha kwa wamenya vitunguu, wao wakalipeleka kwa wanaume, na masinia yalipotua adhuhuri watu wakayatazama tu, mikono iliyokwisha kunawishwa ikikauka magotini.

Baba wa bwana harusi akauliza taratibu, "Nani kasema?"

Vichwa vyote vikanigeukia.

Akaitwa mwenye ng'ombe, Mzee Selemani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, wala hakuwa na hasira.

"Mwanangu, huyu hajatengenezwa. Pembe nilizichoma mwenyewe akiwa ndama, kwa chuma cha moto, asije akajeruhi wenzie. Alilia kutwa nzima. Tangu siku ile sijamsikia tena."

Watu wakashusha pumzi. "Kumbe ng'ombe wa kawaida," akasema mmoja, bismillahi, wakala, tena kwa furaha.

Mimi nikaambiwa nile mbele yao, kuondoa shaka. Nikatia nyama mdomoni, nikakiona kile kinywa kinafunguka bila sauti, na yote yakanitoka, ndani ya sinia la wakwe.

Nimeapa sitasema tena neno juu ya mnyama kabla sijamuuliza aliyemfuga. Na kweli nauliza, wauza nyama wa Lindi wananiona nimepungukiwa na akili, lakini ukinipa leo aliyebadilishwa vinasaba asije akachomwa pembe, na huyo wanayemwita wa kawaida, uniambie nichague, sijui nitanyoosha mkono wapi.