Kaburi la Justus Kwenye Ploti

Nthambi alikuwa mchoma matofali kabla hajawa mjane. Nyumba yake waliijenga wenyewe, yeye na mumewe Justus, kwenye ploti waliyoinunua pembeni ya mji mmoja mdogo wa Machakos ambao siutaji, wenyewe wanajijua.

Mwaka 1997 kanjo, yaani baraza la mji, walipanua mipaka ya mji, na ploti ikaangukia eneo la makazi. Ikaja barua ya kumtaka azime tanuri la matofali. Nthambi hakumaliza kuisoma. Aliona mhuri tu, akajua wanakuja kumnyang'anya.

Justus alipofariki mwezi ule ule wa barua, shemeji zake walitaka azikwe kwao Muthetheni. Nthambi akakataa katakata. Kwa Wakamba, ardhi yenye kaburi ina mwenyewe, na mnunuzi mwenye akili haigusi. Akamzika mumewe hatua kumi kutoka mlangoni, na moyo wake ukatulia.

Kumbe ndani ya mji ni kosa kuzika nje ya makaburi ya umma. Korti ikaamuru Justus afukuliwe.

Walikuja asubuhi, askari wanane wa kanjo na marungu na majembe. Nthambi alikuwa ameketi juu ya kaburi, panga magotini.

"Niko na hati," akasema, "na mzee wangu amelala hapa. Mkitaka kumtoa, anzeni na mimi."

Levi, mkubwa wao, akamwambia ploti haina neno, wametumwa mwili tu. Nani wa kumsikia? Levi aliposhusha jembe, panga nalo likashuka, na vidole vyake vitatu vikabaki kwenye udongo. Hapo wenzake wakamvamia Nthambi. Walimpiga marungu hadi mkono ukavunjika mara mbili na jicho likapasuka. Hasira hasara, sawa, lakini wanaume saba kwa mjane mmoja ni unyama, na sitauita jina jingine. Justus alibebwa juu ya damu ya mkewe.

Nthambi alifungwa miaka minne. Aliporudi, nyumba ilikuwa imesimama, na mbele yake shimo la kaburi bado wazi. Akaenda ofisi ya kanjo kuuliza nani amepewa ploti. Karani akashangaa, akamtolea nakala ya ile barua na kumwonyesha mstari wa mwisho: mwenye ploti ataendelea kuimiliki.

Nthambi akausogeza karibu na jicho lililobaki, akausoma polepole mpaka mwisho.