Ua la Mgomba la Marijani

Siwema Sadalla ni sonara mjini Tukuyu, kazi aliyoirithi kwa baba yake, mtu wa Tanga. Wengi humjua kwa pete na hereni za fedha. Kwamba anachonga pia vito, wachache walijua, mpaka Tupokigwe, mkulima wa chai wa Mpuguso, alipomletea kipande cha marijani nyekundu alichoachiwa na marehemu mumewe. Alitaka kichongwe ua la mgomba, kiwe kifungo cha mkoba wa harusi wa bintiye, Tulia, aliyekuwa anaolewa Dar.

"Mama, kazi hii ingeenda Dar," Tulia alisema. "Hapa si watatupasulia?"

"Dar wanaijua ndizi ya sokoni. Ua lake wameliona wapi?"

Siwema alicheka, lakini neno la binti lilimchoma. Kipande kilikuwa hicho hicho kimoja.

Alikigandisha kwenye kijiti kwa lakiri, gundi ya kuyeyushwa kwa moto, kama alivyofundishwa na baba yake, akaanza kuchonga. Kesho yake asubuhi Tulia alikuja kuchungulia, na mbele ya macho yake lakiri ikakatika, marijani ikaruka. Iliangukia kwenye kanga iliyotandikwa mapajani, maana baba yake Siwema hakuruhusu mtu kushika tupa bila kutandika nguo.

"Nilisema mimi," Tulia akanong'ona.

"Ulisema, mwanangu. Nayo bado nzima. Nipishe nifikiri."

Aliibonyeza lakiri, ikavunjika kama biskuti. Ndipo akaelewa. Mchanganyiko wa lakiri wa baba yake ulikuwa wa joto la Tanga, na huu ulikuwa mwezi Julai wa Rungwe, baridi na ukungu mpaka mlangoni. Akaagiza nta ya nyuki kutoka Kawetele, akaiyeyusha pamoja na lakiri ili ilainike, akaijaribu kwanza kwa kokoto aliyoigandisha kijitini na kuilaza nje kwenye baridi. Kulipokucha aliigonga kwa nyundo ndogo. Haikubanduka.

Siku ya kuchukua, ua lilikuwa limekaa kwenye fremu ya fedha, magamba yamekumbatiana, moja limefunuka na vidole vya ndizi vinachungulia chini yake.

"Ndaga fijo, dada," Tupokigwe alimshukuru kwa Kinyakyusa, akampa Tulia ua alitazame.

Tulia aliligeuza. "Hii alama ya nyuma ni ya nani?"

"Yangu. Zamani nilikuwa naweka ya baba."

"Basi ongeza na Tukuyu. Dar wataniuliza limetoka wapi."

Siwema akachukua sindano ya kuchorea, akatandika kanga mapajani.