Mguu wa Baba Mkwe

Mtaani Mirongo waliniita Alhamisi Kuu. Nilikuwa muuguzi katika hospitali ya serikali, na nikitoka zamu nilibeba beseni la plastiki na mfuko wa bandeji, nikapita nyumba kwa nyumba kuosha miguu ya wagonjwa wa kisukari, kama padri anavyoosha miguu ya wazee kanisani siku ile kabla ya Ijumaa Kuu. Walidhani wananitania. Mimi jina lilinipendeza, ila padri huletewa miguu iliyokwisha kuoshwa nyumbani. Mimi nilipewa ile yenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limeingia hadi wodini. Mgonjwa alitakiwa kuja na glovu zake na gozi zake za kufungia kidonda, na asipokuwa nazo hutumwa duka la dawa kwa mguu uleule anaoulalamikia. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini watu wangu hawakuwa wakificha kitu, walikuwa wamechoka kutumwa. Wakabaki nyumbani na vidonda vyao. Jambo hilo lilinikera sana, na nilipokereka sikuweza kukaa kitako.

Ubaya wa mguu wa kisukari ni kwamba hauumi. Mtu anakanyaga kigae asubuhi, na jioni anashangaa damu sakafuni ni ya nani. Ndivyo ilivyompata baba mkwe wangu, mfugaji wa Misungwi, aliyevaa makatambuga ya tairi maisha yake yote. Mume wangu alimnunulia viatu vya mtumba, ngozi ya kahawia, vinang'aa, vimechongoka mbele. Mzee akavivaa kanisani Jumapili tatu mfululizo, na muda wote huo msumari ulikuwa umechomoza kwenye soli. Walipoona soksi imelowa, chini ya dole gumba palikuwa na tundu la kuingia kidole.

Daktari alisema wazi. Kidonda kioshwe na kufungwa upya kila siku, na kama baada ya wiki tatu hakijabadilika, mguu utakatwa. Mzee akajibu kwamba mchungaji wa mguu mmoja huchungwa na ng'ombe wake. Hakucheka aliposema hivyo. Yeye na mama mkwe wakaja kukaa kwetu Mirongo.

Mtasema basi shida imekwisha, muuguzi yumo ndani. Haikuwa hivyo. Kwa mila yao mkamwana hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, hali naye, haketi naye. Nikimpelekea chai niliiweka kwenye stuli, nikapiga magoti, nikaondoka bila kumtazama usoni. Kwetu Ukerewe nako mkwe ni mkwe, kwa hiyo sikujifanya mgeni wa mambo hayo. Nilikuwa nimeosha miguu ya nusu ya mtaa, hadi ya mama mzee wa mfanyabiashara wa Kihindi ambaye hakumruhusu mtu kukanyaga jikoni kwake. Mguu mmoja tu ulinishinda, na ulikuwa sebuleni kwangu.

Tulianza na mume wangu. Alifungua bandeji, akaangalia, akatoka nje kutapika chini ya mpapai. Mwanamume wa kuchinja mbuzi huyo! Ndipo mama mkwe akasema ataosha yeye. Tukafunga shuka kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kalenda. Wao wakakaa upande ule, mimi upande huu, nikawa naongoza kwa mdomo kama mtangazaji wa mpira redioni.

"Mama, maji ni ya uvuguvugu?"

"Ya uvuguvugu."

"Kidonda kina rangi gani leo?"

"Rangi ya kidonda."

Tuliendelea hivyo siku tatu. Siku ya nne nilimsikia akisema kwa sauti ya kuridhika, "Mkamwana, leo ngozi ya huku juu inatoka yenyewe, kama ya kiazi kilichoiva."

Nilisimama nikalivuta shuka, likaanguka pamoja na kalenda. Beseni lilikuwa linafuka mvuke. Nilitia kiwiko majini, kama tulivyofundishwa chuoni, nikakichomoa haraka. Mama mkwe alinitazama asielewe. Mikono ile ilikuwa imeepua sufuria motoni bila kitambaa miaka arobaini, na kwake maji yale yalikuwa uvuguvugu kweli. Mguu wa mzee nao haukusikia kitu. Na mimi niliyesoma miaka mitatu ili nijue hatari hiyo nilikuwa nimekaa nyuma ya shuka na heshima zangu. Tuliupika mguu ule watu watatu, na mpishi mkuu nilikuwa mimi. Sijawahi kujikasirikia kama siku ile.

Mzee alikuwa amejivutia blanketi hadi utosini.

"Mkamwana, toka."

"Sitoki, baba."

"Nasema toka!"

"Baba, jifunike uso. Mimi nahitaji mguu tu."

Nikamwaga maji yale, nikachanganya mengine yenye chumvi, nikashika kisigino chake. Mguu haukuhisi mkono wangu, lakini mzee mwenyewe alikuwa anatetemeka chini ya blanketi. Niliosha hadi katikati ya vidole, nikaondoa ngozi iliyokufa, nikafunga. Mama mkwe alikaa pembeni akishika mikono yake miwili kana kwamba imemwibia.

Tangu hapo, kila siku saa kumi, mzee alijifunika na mimi nikapiga magoti. "Shikamoo baba," nililiambia blanketi. "Marahaba," blanketi likajibu. Hatukuongea zaidi ya hapo. Kidonda kikaanza kubadilika, kwanza kwenye kingo, kisha ndani.

Wifi yangu alikuja kumsalimia baba yake, akayaona hayo, akapeleka habari Misungwi. Jumamosi wakafika kaka wawili wa mzee, wamevaa makoti, hawakutaka hata chai. Zilikuwa zimebaki siku tano turudi kwa daktari.

"Wewe ni msomi," alisema mkubwa wao. "Ndiyo usomi huo, kumshika baba mkwe wako miguu kama mtoto mchanga?"

Walitaka mambo mawili. Kwanza nipige magoti mbele yao niombe radhi. Pili mzee arudi nyumbani Misungwi, watajua wao namna ya kumtunza. Nilielewa vizuri maana ya kutunzwa huko. Ni kukaa bila kuoshwa, halafu msumeno. Mume wangu alikuwa anasoma sakafu kama gazeti.

"Baba zangu," nikasema, "heshima ninayo. Nilikaa nayo nyuma ya shuka siku nne, mguu ukaungua. Nani kati yenu atauosha? Aliye tayari avue koti, nimwelekeze sasa hivi."

Hakuna aliyegusa kifungo. Mkubwa akasema mila si kitu cha kujibizana na mwanamke, na kwamba wanasubiri radhi yao.

Nilitazama saa ukutani. Ilikuwa saa kumi. Nikainuka nikaenda jikoni, nikachanganya maji, nikatia kiwiko. Nikarudi na beseni, nikapita katikati ya magoti yao. Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha, blanketi mapajani. Nikapiga magoti.

"Naam," yule mkubwa akashusha pumzi. "Hivyo ndivyo."

Alidhani naomba radhi. Nikaweka beseni chini, nikafungua bandeji. Palipokuwa na tundu palikuwa na nyama nyekundu, safi, kingo zimesogeleana. Niliwasikia wote wawili wakisogeza viti ili waone vizuri.

"Shikamoo baba," nikasema, nikasubiri ajifunike.

Mzee alichukua blanketi. Akalikunja mara mbili, akalikunja tena. Kisha akainama, uso wazi mbele ya kaka zake, akaliweka sakafuni karibu na magoti yangu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Saruji hiyo ni ngumu. Pigia magoti hapa."

Nikasogea juu ya blanketi, nikaosha. Daktari hakuukata mguu ule. Radhi ile sijaiomba hadi leo.