Damu ya Dada Yangu Ilipokwenda Bukavu

Katika miaka ya sitini nilifanya kazi katika labo, yaani maabara, ya hospitali ndogo ya Walikale. Siku moja ya mvua wanaume wanne wakamleta dada yangu mkubwa kwa kipoyi, machela ya kubebwa mabegani, kutoka milima ya Nyabiondo, macho ya manjano, tumbo limejaa maji. Ndiye aliyenilea mama alipokufa. Alilima maharagwe ili mimi nisome. Ini lake lilikuwa limeharibika, naye hakuwahi kuonja pombe.

Siku ya tatu mikono ikaanza kumtetemeka, kisha mwili ukakakamaa. Kalsiamu aliyochomwa haikusaidia. Daktari akanieleza kwamba wagonjwa wa ini hupoteza chumvi iitwayo magnesiamu, ila hangethubutu kumchoma bila kipimo, kwani ikizidi huzuia pumzi. Sisi tulikuwa na darubini tu, na mashine ya kuzungusha damu kwa mkono. Kipimo hicho kilifanywa Bukavu.

Nilitoa damu mwenyewe. Kichupa cha kwanza nilikimwaga. Nilikuwa nimevuta sindano kwa pupa, chembe nyekundu zikapasuka, na magnesiamu iliyomo ndani yake ingepandisha kipimo na kutudanganya. Cha pili nilitoa polepole. Nikaizungusha kwa mashine, nikatenga maji ya juu katika kichupa safi, nikakifungia katika pamba, nikampa dereva wa kamyo aliyekuwa akienda Bukavu kupitia Hombo.

Tulingoja siku nne. Dada akaniita kwa jina la marehemu baba, akawa ananiuliza kama maharagwe yamepaliliwa. Nilimjibu ndiyo kila mara.

Jibu likarudi: magnesiamu ilikuwa chini sana. Daktari akaanza sindano, akimgonga goti kwa kinyundo kabla ya kila dozi; mguu ukiruka, alijua haijazidi. Asubuhi ya pili dada alishika kikombe mwenyewe. Akanitazama kwa muda, akanitambua.

"Umekonda, mutoto yangu," akasema. "Nani iko anakupikia?"

Nikamwambia napika mwenyewe. Akacheka mpaka akakohoa.

Tulipata wiki tano. Daktari hakunificha kwamba sindano zile hazikuponya ini, na ini ndilo lililomchukua. Tulimzika kwetu mlimani.

Sikumshukuru dada kwa kunilea. Nilidhani muda bado upo. Ninachotamani mpaka leo ni asubuhi moja tu ya zile wiki tano, yeye ameketi juani kwenye ngazi za hospitali, akizungumza Kihunde na wagonjwa wenzake, nami, niliyekuwa nikipita mbele yake nikijifanya nina haraka ya kazi, nisimame.